Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Pac-12: Kabla ya Kuongeza Chuo Kingine, Pimeni Kwanza Safari ya Mwanamichezo

Kwa Kamishna wa Pac-12, ligi ya michezo ya vyuo vikuu vya magharibi mwa Marekani, Bi. Teresa Gould, na kwa marais wa vyuo vikuu wanachama.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu uamuzi ambao mmekuwa mkiufanya tangu Septemba 2024 na ambao, kwa dalili zote, mtaufanya tena: ni chuo kikuu kipi kiingizwe katika ligi yenu na kipi kiachwe nje. Ombi langu ni moja. Chuo chochote kinachofikiriwa kupewa uanachama kipimwe kwanza kwa safari watakazobebeshwa wanamichezo ambao mechi zao hazinunuliwi na televisheni, na thamani yake katika soko la futiboli ya Kimarekani ije baada ya hapo. Pale ambapo futiboli inamhitaji mshirika wa mbali, futiboli na iende huko peke yake, michezo mingine ibaki na majirani zake.

Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili, na tafsiri yake mtaipata ofisini, kwa sababu wapo watu wengi wa lugha hii ambao maamuzi yenu yanawagusa bila wao kuulizwa. Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano mashariki mwa jimbo la Washington, ni jina ambalo wapenzi wa riadha wa Bonde la Ufa wanalijua vizuri. Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, alikuwa mwanafunzi wa Washington State, chuo kikuu cha Pullman. Mwaka uliofuata, mwanafunzi mwenzake Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia, yaani za mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000, zote katika muda wa siku 81. Ya mita 5,000 aliivunjia Berkeley na ya kuruka viunzi na maji Seattle, katika miji ya vyuo vya ligi hii, enzi hizo ikiitwa Pac-8. Julius Korir, bingwa wa Olimpiki ya Los Angeles 1984 katika kuruka viunzi na maji, na Bernard Lagat, bingwa wa dunia wa mita 1,500 na mita 5,000 mwaka 2007, nao walipitia chuo hicho hicho. Rono alifariki Februari 2024, miezi michache kabla ya vyuo kumi kuondoka rasmi katika ligi aliyoipa heshima ile. Wote hao waliingia kwa mlango wa ufadhili wa masomo, katika mchezo ambao haujawahi kuiletea ligi yoyote fedha za maana za matangazo, na ndiyo maana sisi tulio mbali tunaufuatilia mlango huo kwa makini kuliko mnavyodhani.

Mnayajua yaliyotokea kuliko mimi, lakini nayarudia kwa sababu yana somo juu ya namna ya kuchagua. Ligi iliyozaliwa Portland mwezi Desemba 1915 ikiwa na vyuo vinne ilivunjika ndani ya miezi kumi na minne. Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vikuu vya Los Angeles, vilitangaza kuhamia Big Ten, ligi nyingine kubwa. Julai 2023 Colorado kikatangaza kurudi ligi ya Big 12. Tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja tu, Oregon na Washington vikachukuliwa na Big Ten, huku Arizona, Arizona State na Utah vikienda Big 12. Tarehe 1 Septemba, Stanford na California (chuo cha Berkeley), vyuo vinavyotazama Bahari ya Pasifiki, vikapokelewa na ACC, ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki. Vilibaki Oregon State na Washington State, navyo vikalazimika kwenda mahakamani katika Kaunti ya Whitman kudai haki ya kuisimamia ligi na mali yake, vikashinda.

Wengi husimulia habari hii kama hadithi ya usaliti. Mimi naiona zaidi kuwa hadithi ya kipimo kibaya. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haiwezi kuhodhi mikataba ya televisheni ya futiboli, na tangu hapo kila ligi ikawa muuzaji anayejitegemea. Miaka mingi baadaye, mkataba ambao Big Ten iliusaini mwaka 2022 na Fox, CBS na NBC ulikadiriwa kuzidi dola bilioni 7. Mnunuzi anayetoa fedha hizo hanunui mbio za nyika wala softiboli. Ananunua Jumamosi za msimu wa futiboli, na ni haki yake. Tatizo linaanzia pale ambapo ligi, ili kumridhisha mnunuzi wa Jumamosi hizo, inawahamisha pamoja na wachezaji wa futiboli waogeleaji, wacheza voliboli, wacheza tenisi na wanamieleka, ambao hawakuwamo kabisa katika hesabu.

Timu ya futiboli hucheza mechi 12 katika msimu wa kawaida, takriban nusu yake nyumbani, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na katika ngazi hiyo mara nyingi husafiri kwa ndege ya kukodi inayoirudisha chuoni usiku ule ule. Timu ya softiboli inaweza kucheza zaidi ya mechi 50. Kwa hiyo umbali ule ule ambao kwa mchezaji wa futiboli ni usumbufu wa mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa binti wa softiboli au wa voliboli ndiyo maisha yake yote ya muhula.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anacheza voliboli katika chuo kimoja cha magharibi, ambacho sitakitaja, kilichohamia ligi yenye vyuo vingi vya mashariki. Nimeziona wiki zake. Alhamisi alfajiri timu inapanda basi kwenda uwanja wa ndege, inabadilisha ndege katikati ya nchi na kufika usiku. Ijumaa wanacheza. Jumamosi wanahamia jimbo jingine, Jumapili wanacheza tena, na usiku wa kuamkia Jumatatu wanarudi, mwili ukiwa umesogezwa saa tatu mbele kisha ukarudishwa nyuma. Jumatatu saa mbili asubuhi ana maabara ya kemia. Mtihani mmoja wa biolojia aliufanyia katika ukumbi wa kifungua kinywa wa hoteli, kocha msaidizi akiwa msimamizi, huku wahudumu wakikusanya sahani kwenye meza za jirani. Alifaulu, kwa sababu ni mtoto mwenye nidhamu, lakini aliacha mpango wake wa kusomea uuguzi baada ya kuambiwa kwamba saa za mafunzo ya hospitali hazipatani na ratiba ya ligi. Nikisoma taarifa zinazosema kwamba upanuzi wa ligi una manufaa kwa wanafunzi wanamichezo, naukumbuka ukumbi ule wa kifungua kinywa.

Umma wenyewe umekwisha kukiri kwamba gharama hizi ni za kweli. Mei 2024 bodi inayosimamia vyuo vikuu vya California iliamua kwamba UCLA kiilipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kama fidia ya madhara ya kuondoka kwake. SMU cha Dallas kilikubali kukaa miaka tisa bila kupokea mgao wa matangazo wa ACC ili mradi kiingizwe, na Stanford na California vikaingia kwa mgao wa asilimia 30 tu. Vyuo vinavyokubali kulipia mlango wa kuingilia kwa namna hiyo, kisha vikawasafirisha vijana wao zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Palo Alto, nyumbani kwa Stanford, hadi Boston, vinatuonyesha jinsi woga wa kuachwa solemba unavyoweza kuwashinda hata watu wenye elimu kubwa. Ninyi hamko tena katika woga huo. Mlikwisha kuachwa, mkasimama, na sasa mnajenga upya. Ndiyo maana nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia Big Ten.

Katika ujenzi huo yapo niliyoyafurahia. Uamuzi mlioutangaza Oktoba 2024 wa kukikaribisha Gonzaga, chuo kisicho na timu ya futiboli, ulikuwa wa busara kubwa. Gonzaga kiko Spokane, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Pullman, na mpira wake wa kikapu unajulikana nchi nzima. Kwa uamuzi ule mlithibitisha kwa vitendo kwamba chuo kinaweza kuwa mwanachama wa maana bila futiboli. Kwa miaka mingi pia ligi hii ilikuwa na vyuo shiriki vya mieleka peke yake, kama Cal Poly na Cal State Bakersfield. Hamhitaji, basi, kubuni jambo jipya. Mnahitaji kulichukua lile mlilolifanya pembeni na kulifanya kanuni.

Yapo pia niliyoyaona kwa masikitiko. Vyuo vitano mlivyovichukua Septemba 2024, yaani Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State, mlivitoa Mountain West, ligi ile ile iliyokubali kuwapangia Oregon State na Washington State mechi za futiboli za mwaka 2024 walipokuwa hawana wa kucheza naye. Mkataba wa mechi hizo ulikuwa na kifungu cha malipo kwa kila chuo kitakachochukuliwa. Deni lililodaiwa kwa vyuo vitano lilifika dola milioni 55, nanyi mkaenda mahakamani kukipinga kifungu hicho. Uhalali wake nawaachia wanasheria. Lakini ligi iliyolia mbele ya nchi nzima kwa kuporwa wanachama wake ilipaswa kuwa ya kwanza kukaa mezani na jirani yake na kuzungumza juu ya muungano. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Colorado State cha Fort Collins na Wyoming cha Laramie, vilivyotenganishwa na kama kilomita 100 tu, vimekuwa wapinzani katika futiboli tangu 1899, na sasa mmewaweka katika ligi mbili. Futiboli yao inaweza kuendelea kwa makubaliano maalumu. Ni michezo midogo inayopoteza safari fupi na kupewa ndefu badala yake.

Katika miezi hiyo hiyo mliwavuta Memphis, Tulane, South Florida na UTSA, navyo vikaamua kubaki vilipo. South Florida kiko Tampa. Nasema kwa moyo mweupe kwamba uamuzi wao uliwaokoa ninyi, kwa maana ligi yenye kituo kimoja Tampa na kingine Pullman ingekuwa imerudia, kwa fedha kidogo zaidi, kosa lile lile lililowaumiza. Juni 2025 mkakipata Texas State, nami naelewa kwa nini: kanuni za NCAA zinataka ligi ya ngazi hiyo iwe na wanachama kamili wanane wanaocheza futiboli, nanyi mlikuwa na saba. Sikilaumu chuo hicho hata kidogo, na wanafunzi wake wanastahili makaribisho mema. Lakini San Marcos iko kama kilomita 2,500 kwa ndege kutoka Pullman, na uanachama wake ni wa michezo yote. Kama kanuni hiyo ingeruhusu kumhesabu mwanachama wa futiboli peke yake, voliboli ya Texas ingebaki Texas.

Sasa nije kwenye vyuo vinavyoweza kufuata. Zamani, ligi hii ilipokuwa na vyuo kumi, ilikuwa na utaratibu wa jozi ambao sijaona mwingine bora katika michezo ya vyuo vya Marekani. Washington alikuwa na Washington State, Oregon na Oregon State, Stanford na California, USC na UCLA, Arizona na Arizona State. Timu ya mpira wa kikapu iliposafiri, ilicheza na chuo kimoja Alhamisi na jirani yake Jumamosi, ikarudi nyumbani; safari moja, mechi mbili. Naomba utaratibu huo uwe ndiyo mizani ya kuchagulia: chuo kipya kiulizwe kwanza kitakuwa jozi ya nani.

Mkiutumia mizani huo leo, picha inabadilika kabisa. Washington State tayari ana Gonzaga. Boise State na Utah State wanaweza kupangwa pamoja, na San Diego State na Fresno State vivyo hivyo, ingawa California ni jimbo refu na safari hiyo si ya kubezwa. Aliyebaki mpweke kaskazini ni Oregon State, na jibu lake liko mlangoni kwake: Chuo Kikuu cha Portland, kisicho na futiboli kama Gonzaga, kilichotwaa ubingwa wa taifa wa soka ya wanawake mwaka 2002 na 2005 na chenye jina la miaka mingi katika mbio za nyika, kiko mwendo mfupi wa barabara kutoka Corvallis. Sijasikia chuo hicho kikitajwa katika mabishano ya upanuzi, kwa sababu mabishano hayo huendeshwa na watu wanaohesabu televisheni. Colorado State naye anapaswa kurudishiwa Wyoming. Na kama ni lazima Texas State apewe mwenzake, basi UTSA cha San Antonio, kilicho chini ya kilomita 100 kutoka San Marcos, kinaingia akilini kuliko Memphis, kwa sababu angalau atakayesafiri hadi Texas atapata mechi mbili kwa tiketi moja.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema kwamba Wyoming na Portland havina watazamaji wengi, kwamba makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo waliodai kulipwa, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025 yanaruhusu kila chuo kuwalipa wanamichezo hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025–26, na kwamba asiyetafuta fedha za matangazo hatakuwa na cha kuwalipa. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Lakini angalieni mahali ilikokwisha kutufikisha. Mwezi huo huo wa Juni 2025, Washington State kilitangaza kuondoa karibu mashindano yote ya kurusha na kuruka katika timu yake ya riadha na kupunguza mbio fupi, ili kubaki hasa na mbio ndefu. Nilifarijika kwamba mbio za akina Rono zimesalimika, lakini siwezi kufurahi wakati mrusha mkuki na mruka juu wameambiwa watafute chuo kingine. Fedha zinazopotea katika tiketi za ndege, hoteli na posho za chakula za timu ambazo zingeweza kwenda kwa basi ni fedha ambazo zingemlipa kocha wa kurusha. Chuo kinachoongeza mapato ya matangazo kwa mkono mmoja na kuyamwaga katika safari za timu zake zote kwa mkono mwingine kinapaswa kuonyesha hesabu kamili, pato na matumizi pamoja, kabla ya kutuambia kwamba kimefaidika.

Mlango ninaoutetea bado unatumika. Mwaka 2025, kule Eugene, Ishmael Kipkurui na Pamela Kosgei, Wakenya wawili wa Chuo Kikuu cha New Mexico, walitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000, Kipkurui kwa wanaume na Kosgei kwa wanawake. Nyumbani kuna vijana wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia kabla ya shule wakiwa na matumaini ya kuandikiwa na kocha wa Marekani. Mzazi wa kijana kama huyo hulinganisha vyuo kwa maswali mawili, je, mtoto wangu atasoma, na je, ufadhili utadumu miaka yote minne? Majibu ya maswali hayo mawili yanategemea ratiba na bajeti, na ratiba na bajeti zinategemea mnamchagua nani kuwa mwenzenu.

Kwa hiyo nawaomba mfanye mambo haya kabla ya kura yenu ijayo. Tangazeni kwa maandishi vigezo mnavyotumia, ili chuo kinachoomba na chuo kinachokataliwa vijue sababu. Kwa kila chuo kinachofikiriwa, chapisheni hesabu ya kila mchezo: kilomita za msimu mmoja, usiku wa kulala hotelini, na siku za masomo zitakazopotea, walau mwezi mmoja kabla ya uamuzi. Wapeni wawakilishi wa wanamichezo wasio wa futiboli nafasi katika kikao kinachopiga kura, wawe na sauti inayoandikwa katika kumbukumbu. Na uanachama wa futiboli pekee, pamoja na uanachama usio wa futiboli, viwekwe katika katiba ya ligi kama njia mbili halali na za kudumu.

La mwisho linahusu maandishi. Agosti 2021 viongozi wa Pac-12, Big Ten na ACC walitangaza umoja wa ligi tatu bila mkataba wowote uliosainiwa, wakiamini neno la waungwana, na siku chache baadaye Pac-12 ikasema haitaongeza wanachama. Kabla ya kutimia mwaka mmoja, Big Ten ikawachukua USC na UCLA. Mkikaa na Mountain West, kama ninavyowasihi mkae, makubaliano yenu yaandikwe: ni michezo gani italindwa kati ya majirani hata kama wako ligi tofauti, kwa miaka mingapi, na nani atamlipa nani akiivunja. Kikao hicho kingefaa kufanyika kabla ratiba za michezo ya msimu ujao hazijafungwa, na ningefurahi kuona tarehe yake ikitangazwa hadharani pamoja na majibu yenu kwa barua hii.

Wenu kwa heshima,

Mkimbiaji wa zamani wa chuo, mjomba wa mwanamichezo, na mfuatiliaji wa ligi yenu